Harusi ya Kupeleka Jangwani

Shemeji yangu wa Cape Town haandiki. Hutuma ujumbe wa sauti, akaulizia hali ya kila mtu nyumbani mpaka kuku, na ombi lenyewe hulisukumiza sekunde za mwisho, msikilizaji akiwa ameshachoka na ameshakubali moyoni. Hivyo ndivyo tulivyotwishwa, sisi wa Nyamirambo, Kigali, kazi ya kuandaa harusi ya Kinyarwanda ya kwenda kufanyika jangwani Afrika Kusini, harusi isiyo na bwana wala bibi, ambayo hakuna atakayeoa wala kuolewa.

Yeye na marafiki zake huenda kwenye AfrikaBurn. Kwa asiyelijua, hilo ni tamasha la sanaa linalofanyika tangu 2007 katika nyika kame ya Tankwa Karoo, kaskazini mashariki mwa Cape Town, Aprili inapoelekea ukingoni. Mzazi wake ni Burning Man ya Marekani, iliyoanza 1986 kwa watu wachache kuchoma sanamu ya mbao ufukweni San Francisco, na 1990 ikahamia jangwa la Nevada. Maelfu ya watu hujenga mji wa mahema mahali pasipo na bomba la maji, duka wala mtandao wa simu. Hukaa humo siku kadhaa, kisha huubomoa na kuondoka bila kuacha hata kizibo cha chupa. Ukishalipia tiketi na kuingia, pesa yako haina kazi tena ila kununua barafu. Kila kambi huja na zawadi yake kwa wapita njia: hawa watagawa chai, wale watanyoa watu ndevu, wengine watafundisha dansi. Kambi ya shemeji ilitaka kugawa harusi.

Mpango wao ulikuwa hivi. Wawili wowote wanaopita, wawe wapenzi, wawe wamejuana asubuhi ile kwenye foleni ya choo, wanakaribishwa hemani na kuvishwa umushanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, begani. Wasemaji wa pande mbili wanawagombania, ng'ombe anatolewa, maziwa yananywewa, picha inapigwa, na maharusi wanakwenda zao. Robo saa. Hema walikuwa nalo. Walichotaka kutoka Kigali ni vazi lake: mapambo ya ndani, imishanana, vikapu vya uduseke, mavazi ya wachezaji wa Intore, na ng'ombe.

Shangazi wa mke wangu, ambaye ni mtu wa Nyanza na ndiye mkubwa wa nyumba yetu ingawa nyumba ni yangu, aliusikiliza ujumbe ule akiwa amefumba macho.

"Wazazi wa maharusi wako wapi?"

Hawapo, akaambiwa.

"Mahari?"

Hakuna, kule hakinunuliwi kitu.

"Na hiyo robo saa, ni ya kusalimiana?"

Hapo alikuwa na hoja. Gusaba, ile siku upande wa kijana unapokwenda kumwomba binti, ni mchana mzima. Na kabla yake kuna gufata irembo, ndugu wachache wa kijana wakija kwanza kushika lango ili asije mwingine akawatangulia. Siku yenyewe ikifika, familia mbili huketi zikitazamana chini ya turubai, msemaji wa wenyeji huku, msemaji wa wageni kule, na wazee hao wawili huanza kupigana kwa maneno matamu. Mgeni haombi binti moja kwa moja. Huulizia njia, husifia boma, hudai babu yake aliwahi kunywa maziwa hapa. Mwenyeji naye hujifanya haelewi. Mara binti yuko masomoni ng'ambo, mara ameshaposwa na watu wa maana zaidi, mara huyo kijana wenu mbona tunasikia aliwahi kukata gogo la jirani bila ruhusa. Watu hucheka mpaka machozi, huku kila aliyeketi pale akijua kwamba neno moja likitamkwa vibaya litahesabiwa. Baadaye huja gukwa, yaani kutoa ng'ombe wa mahari. Siku hizi mara nyingi ng'ombe hao ni pesa benki, lakini hata hivyo mtu mwenye fimbo ya uchungaji atatumwa nje, atarudi na kutangaza kwamba amewaona, ni wazima na wana afya, na mwingine atasimama kuwasifu kwa mashairi. Ndipo binti anapotoka, na wasichana wenye uduseke mbele yake. Serikalini, kule ofisi ya murenge (kata), mkono mmoja ukishika bendera, ni siku nyingine. Msikitini au kanisani ni jambo jingine tena.

Shangazi alitangaza kwamba kama ni mchezo, basi utachezwa na wanaoujua, na kwamba yeye atasimamia. Mke wangu alinitazama. Tangu siku hiyo sebule yetu haikuwa yetu.

Shemeji alituma pia kanuni za tamasha. Ziko 10, aliziandika Larry Harvey, mmoja wa waanzilishi wa Burning Man, mwaka 2004, na Waafrika Kusini wakaongeza yao ya 11, ya kwamba kila mmoja amfundishe mwenzake. Binti yetu mkubwa, anayesoma chuo, alizisoma kwa sauti huku Shangazi akichambua maharage na kuzihukumu moja moja. Kumkaribisha kila mtu: vizuri, hata harusini kwetu asiyealikwa hula. Kushirikiana kazi: vizuri. Kutoacha uchafu nyuma: hiyo ni umuganda, kazi yetu ya pamoja ya mtaa, wametuiga. Kujitegemea kabisa, kila mtu na maji yake, chakula chake, kivuli chake: hapo alisimamisha mkono juu ya ungo. "Mtu ajitegemee harusini? Huyo amekuja kufanya nini?" Kutoa zawadi bila kutazamia kurudishiwa chochote: akasema tuiache hiyo kwanza, atairudia.

Ile ya kutoacha uchafu ndiyo iliyotutesa mapema. Jangwa halifagiliki, kwa hiyo vitu vinavyopukutika havitakiwi: manyoya, vimetameta, karatasi za kurusha. Fundi wetu wa cherehani kule Biryogo alikuwa ameshashona imishanana iliyojaa vipande vinavyong'aa pindoni, maana hivyo ndivyo wateja wa Kigali wanavyopenda. Alipoambiwa afumue akauliza kama tumehama dini. Migara ya Intore, zile nywele ndefu za katani zinazovaliwa kichwani na wachezaji, nayo ilikuwa taabu nyingine. Wanangu waliambiwa wacheze nayo uani kwa nguvu zote ili kujua inapukutisha kiasi gani, amri ambayo hawajawahi kuitii kwa furaha namna ile. Kisha wakaambiwa waokote kila uzi wa katani chini. Furaha ikaisha. Tuliendelea kukuta nyuzi zile ndani ya chai, kwenye mto wa kitanda na katika ndevu za jirani aliyekuja kuazima nyundo.

Lakini ng'ombe ndiye aliyekula nyumba.

Shangazi hakutaka ng'ombe wa kuchora ukutani. Alitaka inyambo, ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu zinazopanda juu zikikunjamana kidogo kuelekeana, wale ambao wangali wanafugwa pale kwenye jumba la kale la mfalme Nyanza, na ambao wachungaji wao huwaimbia ili watembee kwa mwendo. Aliwaona tangu utotoni, picha hakuihitaji. Tukaelekezwa kwa kijana mchomeleaji wa Gisozi, kule Agakiriro, ambako mafundi wa vitanda, milango na mageti wamepangana safu kwa safu. Kijana mpole, mwenye miwani ya kuchomelea iliyopandishwa kwenye paji la uso muda wote, akatengeneza mbavu na miguu kwa vyuma vyembamba vya kufungwa na kufunguliwa kwa nati, ili ng'ombe asafiri akiwa ndani ya maboksi. Kwa ngozi tulishona mablanketi ya kahawia. Tukabishana kama awe bihogo, ule wekundu mzito, au gaju, wa kung'aa zaidi. Shangazi alishinda. Akawa bihogo.

Pembe zilitengenezwa kwetu, uani, kwa sababu Shangazi alitaka kuzisimamia kwa macho. Kijana alichukua bomba la maji la plastiki, akaziba upande mmoja kwa kitambaa, akalijaza mchanga uliokaangwa kwenye sufuria ya mke wangu, akaligeuzageuza juu ya jiko la makaa mpaka likalegea, kisha akalikunja taratibu kuzunguka pipa la maji. Mchanga hulizuia bomba lisibonyee. Bila huo linajikunja katikati na kuharibika. "Zaidi," alisema Shangazi. Kijana akarudisha motoni. "Sasa umefanya pembe za kondoo. Fungua." Binti yetu mkubwa, ambaye kwa kawaida harufu ya plastiki humpa kipandauso, alikaa pale jioni nzima akimshikia kijana koleo. Nililiona hilo. Sikuliandika popote.

Mvua ilipoanza, kichwa kikaingizwa sebuleni na pembe zikafungwa humohumo, zikagundishwa kwa gundi ya mafundi wa bomba. Asubuhi ndipo ilipodhihirika kwamba upana wa pembe haukupatana na mlango. Tuliinamisha kichwa, tukakipinda, tukakipitisha pembe moja kwanza mfano wa mtu anayeingia ndani ya shati la mtoto, wapi. Dirisha lina nondo. Ng'ombe alibaki sebuleni, akiangalia televisheni. Wageni walikunywa chai chini ya pua yake, na mwalimu wa madrasa aliyekuja kudai ada alisahau alichofuata. Kijana wa Gisozi ilibidi arudi kukata na kuweka nati, kazi ambayo kwa hesabu yangu ingeisha kabla ya adhuhuri, na ambayo kwa hesabu yake ilihitaji kurudi tena, na tena, na kila mara chai ilikuwa tayari kabla hajabisha hodi.

Mwishoni mwa Machi tulikodi hema la harusi la vipimo vilevile vya kule Karoo, tupime mapambo. Siku tuliyopewa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi Rwanda nzima hutoka umuganda, saa mbili mpaka saa tano, majembe, mafagio na makwanja mikononi, kisha watu huketi kwa mkutano wa mudugudu, yaani kitongoji. Maana yake, hema jeupe la harusi lilisimama mbele ya nyumba yangu wakati mtaa wote uko barabarani na hauna pa kwenda. Wakaona vitambaa vyekundu na vya dhahabu vikipandishwa. Wakaona uduseke ukianikwa. Halafu, na hapa namtuhumu Shetani peke yake, pikapu ikapanda kutoka Gisozi, na yule kijana akashuka, amevaa shati safi, akaanza kushusha ng'ombe.

Hebu jiweke mahali pao. Nyumba ina binti aliyefikia umri. Hema limesimama. Kijana analeta ng'ombe mchana kweupe, na baba wa binti anatoka nje kumsaidia kumbeba.

Mkuu wa mudugudu, mtu mwema, alisimama mkutanoni akasema kwamba kuna familia hapa ina shughuli na kwa unyenyekevu wake haikutaka kusumbua watu, lakini sisi si wageni, tunajua wajibu wetu. Alipomaliza, simu yangu ilianza kutikisika mfukoni. Intwererano, michango ya harusi. Watu walikuwa wananitumia pesa kwa simu wakiwa wamekaa hatua chache kutoka nilipo, na wengine wakipunga mkono nigeuke nione kwamba ni wao. Kreti za Fanta zilifika kabla sijapata la kusema. Mama mmoja wa Rwezamenyo alileta sambusa ambazo, aliapa, alikuwa akikaanga kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Wanawake walikwenda nyumbani na kurudi wamevaa imishanana.

Nilisimama kueleza. Nilieleza vizuri, nadhani: jangwa, kanuni 11, barafu. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, na nilipofika kwenye kupanga ng'ombe ndani ya boksi wakaanza kucheka na kupiga makofi, maana walidhani ni mimi msemaji wa wenyeji nimeanza ule mchezo wa kukana. Nikikataa zaidi, wanafurahi zaidi. Mzee mmoja akasimama upande wa pili, akajibu kwa niaba ya wageni.

Ndipo Shangazi, aliyepaswa kunisaidia, akasema mazoezi ni mazoezi na watu wako tayari, tuanze. Basi harusi ya jangwani ilifanyiwa majaribio pale, kikamilifu, na haikuwa ya robo saa. Mzee wa Rwezamenyo anayejua amazina y'inka, ile sanaa ya kuwasifu ng'ombe kwa majina na nasaba, alimzunguka yule wa mabomba, akampapasa blanketi, akauliza ametoka ukoo gani. Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba ametoka Gisozi. Mzee akafikiri. Kisha akanyanyua fimbo na kumsifu ng'ombe aliyezaliwa motoni, asiyeogopa chui kwa kuwa mbavu zake ni chuma, ambaye hata ukame utamkuta akiwa amenenepa vilevile. Nimehudhuria gusaba nyingi na sijasikia sifa zilizostahili zaidi.

Mvua ya masika ilishuka katikati ya maziwa. Hema la kukodi lina tabia moja: maji hukusanyika juu kwenye bonde kati ya nguzo, turubai likatuna kama tumbo, na lazima mtu ayasukume kwa mpini wa fagio kuelekea nje. Mwanangu wa pili aliyasukuma kuelekea ndani. Yalimwagika yote kwa mkupuo juu ya meza ya mbele, juu ya sinia la sambusa na mapajani mwa mkuu wa mudugudu, na njiani yalipitia vitambaa vyekundu, ambavyo muuzaji alituapia havichuji. Vilichuja. Imishanana myeupe ya mstari wa mbele iligeuka waridi, na baada ya nukta chache za kimya mtu mmoja akaanza kuimba, na wote wakaitikia, wamelowa. Shangazi alimtumia shemeji taarifa kwamba vitambaa vimefaulu, kwa kuwa jangwani hakuna mvua.

Kesho yake nilianza kurudisha michango. Hakuna aliyeipokea. Nilikwenda nyumba hadi nyumba na simu mkononi, na jibu lilikuwa moja, likitofautiana kwa heshima tu: pesa ya harusi hairudi ilikotoka, mchango umeshatolewa, kilichobaki ni nyinyi kutafuta harusi. Shangazi alikuwa ameshaandika kila kitu katika daftari, jina na kiasi, mpaka sambusa, zikiwemo zilizolowa. Hapo ndipo aliporudia kanuni ile aliyoiweka kando. Kutoa bila kutazamia kurudishiwa, alisema, ni kutoa kwa mtu usiyetaka kumwona tena. Akikupa mtu kitu nawe ukaandika, maana yake mtaonana.

Namheshimu Larry Harvey, na watu wanaokwenda kujenga mji jangwani kwa mikono yao wana haki ya kujivunia. Lakini katika hili niko upande wa daftari. Kule wanajitahidi wasiache alama. Huku zawadi isiyoacha alama haina mwenyewe. Angalia Girinka, mpango wa serikali ulioanza 2006 wa kuipa kila familia maskini ng'ombe: anayepewa hulea, na mtamba wa kwanza kuzaliwa humpa jirani aliye kwenye orodha baada yake. Ng'ombe mmoja anatembea mtaa mzima, na kila anapopita anaacha deni.

Tulipokuwa tunafunga maboksi (kwa mablanketi na kamba, maana mifuko ya plastiki nchini hapa ilipigwa marufuku tangu 2008) ulifika ujumbe mwingine wa sauti. Shemeji alishukuru, akaulizia kuku, na katika sekunde za mwisho akataja kwamba tamasha likielekea kwisha sanamu kubwa huchomwa moto, ndiyo desturi, na kwamba kambi imepiga kura: ng'ombe atachomwa pia. Itapendeza sana.

Mke wangu alizima simu. Nje, mtoto aliyekuwa akipiga mpira aliacha mwenyewe.

"Ng'ombe wa mahari," alisema Shangazi, "achomwe?"

Nilijaribu kusema ni mabomba. Sikufika mbali. Ng'ombe huyu ameletwa na kijana, alisema, amepokelewa na baba wa nyumba mbele ya mudugudu, amesifiwa na mtu anayejua kusifu, maziwa yamenyweka. Kipi kilichobaki? Pumzi? Alimpigia shemeji mwenyewe, jambo asilolifanya kwa sababu anaamini simu za nje hula pesa hata zisipopokewa. Alimwambia kwa upole uliotisha kwamba ng'ombe wa namna hii anaweza kufanyiwa mambo mawili tu: kukaa, au kugabiwa, yaani kupewa mtu kama zawadi ya udugu. Wachome mbao. Shemeji alijibu ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi, ndiyo.

Mzigo uliondoka kabla ya tarehe 7 Aprili; hilo nalo alilisimamia yeye. Kuanzia tarehe hiyo nchi huingia katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na juma lile hakuna harusi, hakuna muziki, hakuna hema mbele ya nyumba. Watu hukutana mtaani kusikiliza na kukumbuka, na wengi huteremka mpaka Gisozi hiyohiyo ya mafundi, kwenye makumbusho walipolazwa watu zaidi ya 250,000. Katika juma hilo Shangazi alitoa kwenye sanduku daftari jingine, la harusi yake mwenyewe, la miaka ya kabla. Wengi walioandikwa humo hakuna namna ya kuwarudishia. Kwa wale walioacha mtoto au mpwa, amewatafuta mmoja baada ya mwingine, akienda kwenye gusaba zao na bahasha, na pembeni ya jina akaweka alama ndogo kwa kalamu ya bluu. Majina yasiyo na alama ni mengi. Alimwonyesha binti yetu, si mimi. Mimi nilipita tu nikaona.

Tankwa haina mtandao, kwa hiyo mwisho wa Aprili wote ulipita bila kuku wetu kuulizwa hali. Habari zilikuja Mei. Barabara ya R355, ya changarawe yenye mawe makali yanayochana tairi, iliwachania mbili. Upepo uliondoka na nusu ya vitambaa vyekundu, wakavikimbilia nyikani mpaka giza. Walifungisha harusi nyingi, na zile alizoziona yeye nzuri ni pale wapita njia walipokataa kuondoka baada ya robo saa wakataka wazee waendelee kugombana. Wanaume wawili wa makamo waliowahi kuwa marafiki na kukosana walipita chini ya hema hilo kwa mzaha na kutoka wakilia. Umugara mmoja tu ndio uliopukutika, na kambi nzima ilipiga magoti kuokota katani.

"Na ng'ombe?" aliuliza Shangazi.

Ng'ombe hakuchomwa. Usiku wa moto walimpeleka kwa kambi ya jirani, watu wa Johannesburg waliowapa maji pipa lao lilipopasuka, wakamkabidhi kwa fimbo na maneno kama walivyoagizwa. Wale walimpokea vizuri sana, wamempandisha juu ya gari, ameondoka nao, pembe zimefunguliwa.

Shangazi aliomba majina yao, na shemeji akamtajia aliyoyakumbuka, naye akayaandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa peke yake.

"Wameambiwa kuhusu mtamba wa kwanza?"

Kimya kilikuwa kirefu, na kwa bei ya simu za nje kilikuwa ghali.

"Shangazi," alisema shemeji, "ni mabomba."

"Waambie," alisema, akakata. Kisha akageukia uani, ambako yule kijana wa Gisozi, miwani kwenye paji la uso, alikuwa ameanza siku nyingine ya kutengeneza lango letu, lango ambalo kwa kumbukumbu zangu halijawahi kuharibika, na akamwita aje anywe chai ili wazungumze kuhusu ng'ombe wa watu aliyegawiwa, na lini analeta mwingine, huyu wa kula majani.